Sefu Alilochagua Merle

Idella Strand nimepika naye katika jiko la shule ya Dry Fork mpaka sote wawili tukastaafu, na miaka yote hiyo sikupata kumwona akilia isipokuwa kwa vitunguu. Ni mwanamke wa maneno. Ukimuuliza ng'ombe wanaendeleaje atakueleza habari za kila ng'ombe na mama yake. Ndiyo maana aliponipigia simu asubuhi ile ya Oktoba, nikaitika, naye akakaa kimya, nilijua kuna jambo.

"Bernadine," akasema mwishowe, "leo una nafasi? Nataka unipeleke mjini nikanunue sefu."

"Sefu la kuweka nini, na mali yako yote ni masufuria?"

"La bunduki. Njoo tu, nitakueleza. Merle tunakwenda naye, kwa hiyo ukifika uchangamke."

Nikafika, nikachangamka. Merle alikuwa bafuni ananyoa ndevu. Idella akanivuta kando ya jiko, akanisimulia kwa sauti ya chini huku anafuta sahani ambayo ilikuwa imeshakauka zamani. Jana yake alitoka kwenda kulisha kuku, akajifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya upepo. Aliporudi, kufungua mlango wa jikoni, akamkuta mumewe amesimama karibu na meza, bunduki ya marehemu baba yake begani, mtutu umemwelekea yeye kifuani.

"Akaniambia, wewe nani, mke wangu yuko wapi?"

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia mkeo ameenda kulisha kuku, anarudi sasa hivi. Nikarudi kinyumenyume hadi uani, nikavua kitambaa, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele. Nikasema, Baba, kahawa umeshakunywa?" Akaiweka ile sahani, akaichukua tena. "Alikuwa ameshairudisha bunduki kabatini, ametulia. Akaniambia kulikuwa na mwanamke humu, Mama, mwizi, nimemfukuza. Nikamwambia ahsante."

Nilitaka kucheka. Watu hawa wanaitana Mama na Baba tangu binti yao Rhonda azaliwe, na sasa Baba alikuwa amemlenga Mama kifuani kwa ajili ya kumlinda Mama. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemshika Merle kwa muda, lakini mpaka siku hiyo tulikuwa tukiuona kama kero tu: kuweka funguo ndani ya sukari, kuniita mimi kwa jina la dada yangu aliyekufa.

Sasa lazima nikwambie Merle alikuwa nani, maana ukimjua ndipo utaelewa. Alifuga ng'ombe maisha yake yote katika shamba la baba yake, na hakuwa tajiri wala maarufu. Lakini kote Dry Fork, farasi akivunjika mguu, mbwa akizeeka mpaka hawezi kusimama, aliyeitwa ni Merle. Mkono wake haukutetemeka. Angekuja na kipande cha nyama au tufaha mfukoni, amlishe mnyama kwanza, amsemeshe, kisha risasi moja tu, basi. Baadaye angemfunika uso kwa leso yake mwenyewe, aingie ndani kwako, aoshe mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akatae malipo, akubali pai. Mbwa wangu watatu ni yeye aliyewapumzisha.

Mbwa wake mwenyewe hakumuua hata mmoja. Siku ikifika alimwita Duane Koski, jirani yake, kisha yeye akaenda kukaa ndani ya pikapu na redio ameifungulia mpaka mwisho. Kwetu hakuna aliyemcheka kwa hilo, na kwetu watu wanachekwa kwa mengi.

Jambo la pili ni kiapo. Kaka yake, Vernon, alifia nyumba ya wazee kule mjini, mikono imevishwa glavu nene na kufungwa kwenye kitanda ili asichomoe mirija ya dawa. Merle alikwenda kumwona, akarudi nyumbani, akakaa mezani kofia ikiwa kichwani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akasema, "Mama, mimi usinipeleke kule. Niapie." Idella akainua mkono wa kulia palepale, mbele ya viazi, akaapa. Na Idella ni Mlutheri wa zamani. Kiapo kwake si pambo.

Basi ndiyo shida yote ilipokaa. Rhonda yuko Billings, mji mkubwa ulio mbali na kwetu, ana ofisi yake, na kila Jumapili hupiga simu kutoa amri. Alikuwa ameshasema waziwazi: au bunduki zitoke, au baba aende nyumba ya wazee. Kwa mara moja katika maisha yake msichana yule alikuwa anasema kweli, na ndiyo iliyoniudhi zaidi.

"Si uzitoe basi?" nikamwambia Idella. "Mpe Duane azitunze."

"Nilijaribu wakati wa kiangazi. Duane akazichukua, tukasema anazipaka mafuta. Bernadine, alizunguka nyumba hii siku nzima kama mtu aliyefiwa. Alikuwa anafungua hata friji."

Nikakumbuka. Sebuleni kwao kulikuwa na kabati la kioo alilochonga baba yake Merle, na kila asubuhi Merle husimama mbele yake na kikombe cha kahawa, akizitaja bunduki moja moja. Hii ya baba. Hii ya mjomba Nels. Hii ya Vernon. Na hii niliyompigia kulungu, Rhonda akiwa bado tumboni. Majina ya wajukuu wake yalikuwa yameshayeyuka. Hayo ya kabatini hata moja halikuwa limempotea.

"Kwa hiyo zikae," Idella akasema, "lakini zikae ndani ya chuma. Kila asubuhi mimi nitafungua, atazame, ataje watu wake, mimi nafunga. Hivyo nitakaa naye. Rhonda hatakuwa na la kusema."

Merle akatoka bafuni, shavu moja limenyolewa na jingine bado. Tukamwambia tunakwenda kununua sefu kwa sababu kwa Koski wameingia wezi. Duane, mtu mwema, alikuwa ameshakubali kuibiwa.

"Wezi?" Merle akasema. "Kwa Duane wataiba nini, soksi?"

Duka la wakulima liko pembeni mwa barabara kuu. Mbele wanauza mabuti na chakula cha ng'ombe, na kule nyuma kabisa, karibu na choo, masefu yamesimama kwa safu. Muuzaji aliitwa Lyle, mtu wa tumbo na mkanda wenye bamba kubwa kuliko sahani ya chai. Akaanza wimbo wake: hili linastahimili moto saa nzima, hili lina makomeo pande zote nne, hili mwizi akija na msumeno, msumeno ndio utakaolia.

"Na hili," akasema, "ni la bunduki ishirini na nne."

"Ishirini na nne za kuchezea watoto labda," Merle akasema. "Gawa kwa mbili, kijana, kisha tuzungumze."

Lyle akacheka mpaka mkanda ukacheza. Nakwambia, siku hiyo Merle alikuwa mzima. Akili yake ilikuwa imerudi kumtembelea, sijui kutoka wapi. Akawa anapita safu nzima akigonga kila mlango kwa kifundo cha kidole, akiinamisha sikio. "Hili kopo la maharage. Hili pia kopo, ila wamelipaka rangi." Akafungua moja, akaingiza mkono, akapapasa bawaba, akalifunga, akalifungua tena. Mwisho akasimama mbele ya moja la kijani, zito, halina urembo wowote. Akaligonga, halikusema kitu.

"Hili," akasema. "Mwizi wa hili atazeeka hapa mlangoni."

Alipokuwa bado analizunguka, Idella akamsogelea Lyle, nami nikasogea naye.

"Bwana," akasema polepole, "hizi habari zote ni za mwizi wa nje. Na kama mwenyewe yuko humohumo ndani?"

Lyle akamtazama, akamtazama Merle, akaona lile shavu lisilonyolewa. Akavua kofia.

"Baba yangu alikuwa hivyo," akasema. "Msichukue la vitufe, mama, ataangalia vidole vyako. Chukueni la kuzungusha kitasa mpaka namba zitimie. Lile linataka kumbukumbu." Akafikiri kidogo. "Lakini sefu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukumbuka kila chenye mtutu mlicho nacho pale nyumbani."

"Hizo nazijua. Nani anayezipangusa vumbi?" Idella akahesabu kwa vidole: za kabatini, bastola ya droo ya kitandani, na ile inayokaa nyuma ya kiti cha pikapu. Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndizo hizo. Nimeingia na kutoka nyumba ile miaka yote, nikaona hesabu imetimia.

Ikabaki namba. Lyle akasema fundi ataiweka yoyote tutakayo, isiwe tu ambayo mzee anaijua. Tukaanza kutafuta. Siku ya kuzaliwa Rhonda, hapana. Siku ya harusi, hapana. Mtu huyu anaweza kusahau kama amekula, na harusi akaikumbuka. Maisha ya Idella yote yalikuwa ni namba za Merle. Mwisho nikamnong'oneza: "Namba ya kufuli la stoo ya shule." Tulilifungua kila asubuhi ya kazi, na Merle hakuwahi kuijua namba yake. Ninayo kichwani mpaka leo, na sikutajii.

Lyle akachukua kalamu. Hapo Merle alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu, na hatukuwa tumemwona.

"Mpe Mama," akasema.

"Tunaweza kuandika karatasi mbili, mzee, yako na—"

"Nimesema mpe Mama. Mimi msinionyeshe."

Akageuka, akaenda kutazama mabuti. Alitazama mabuti kwa muda mrefu, na hakuna hata jozi aliyoigusa. Idella aliikunja ile karatasi mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama punje. Mimi niliingia chooni nikafungua bomba nikalia, maana nilikuwa nimeelewa. Mtu yule alijua. Alikuwa amepita safu nzima ya masefu akitafuta lile litakalomshinda yeye mwenyewe, na alikuwa amelichagua vizuri.

Likaletwa, likafungwa kwa boliti kwenye sakafu ya sebule. Kabati la kioo Idella akalijaza sahani za sikukuu. Baada ya wiki Merle alikuwa ameshasahau safari yote.

"Nani kaleta friji sebuleni?" akauliza.

"Wewe, Baba. Ni sefu. Ulilichagua mwenyewe."

"Basi nina akili."

Kila asubuhi Idella alifungua, Merle akasimama na kahawa yake, akawataja watu wake, kisha Idella akafunga na kuzungusha. Rhonda akaja kukagua, akauvuta mpini kwa nguvu zote, akaridhika. Nikadhani mambo yametengemaa. Jamani, matumaini ni kitu cha kijinga. Huna unachoyalisha na bado yanakufuata.

Kwa sababu ugonjwa haukuwa ndani ya lile sefu. Uliendelea kula. Wiki ya kwanza ya Novemba Merle alianza kukaa sakafuni mbele ya mlango ule wa chuma akikizungusha kitasa, sikio limebanwa kwenye chuma. Idella akamuuliza anasikiliza nini. Akasema Vernon yumo ndani, anagonga, kwa nini hamumfungulii. Idella akafungua amwonyeshe kuwa hakuna mtu. Merle akatazama, akasema, "Mmeshamhamisha." Akalia mpaka chakula cha mchana.

Aliyemtuliza siku hizo alikuwa mmoja tu, naye ni Skip, mbwa wao wa kuswaga ng'ombe, mweusi mwenye kifua cheupe, mzee kama wao. Skip tangu kiangazi alikuwa anachechemea mguu wa nyuma. Idella naye nyonga yake ilikuwa imechakaa, naye anachechemea. Nilizoea kuwaambia wanafaa kwa gwaride.

Asubuhi moja ya mwezi huohuo nilikuwa kwao. Kanisani kulikuwa na chakula cha wawindaji jioni, kama kila mwaka msimu wa kulungu unapofunguliwa, na mimi na Idella tulipewa kazi ya kuoka pai. Tulikuwa tunasukuma unga, matufaha yako motoni, na Merle alikuwa mchangamfu. Akakata kipande cha nyama ya jana kwenye sahani.

"Nampelekea mbwa," akasema.

"Usimpe yote," Idella akamwambia. "Na vaa koti."

Akavaa koti, akatoka, Skip nyuma yake. Tukaendelea. Tulikuwa tunamsengenya mke wa mchungaji, na sioni haya kusema. Mlio wa risasi ukasikika, mmoja, wa karibu.

"Wawindaji wamesogea mwaka huu," Idella akasema, akanyunyiza unga mezani.

"Kuna mtu kashapata kulungu wake," nikasema mimi.

Novemba kwetu milima yote inalia risasi. Hakuna anayegeuza shingo.

Merle akaingia, akavua koti, akaenda kwenye sinki. Akaosha mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Nilimwona, na kuosha kule nilikuwa nakujua, lakini sikukumbuka upesi nakujua kutoka wapi.

"Mama," akasema, anajifuta, "nimempumzisha yule mbwa wa Koski. Mguu ulikuwa umemwisha. Hakujua lolote, alikuwa anakula."

Duane Koski hana mbwa. Wake wa mwisho alikufa zamani, na Merle ndiye aliyempumzisha.

Idella akatoka bila koti, unga mikononi, nami nikamfuata. Skip alikuwa nyuma ya banda, amelazwa juu ya majani makavu masafi, uso umefunikwa kwa leso. Kipande cha nyama alikuwa amekila nusu. Ukutani, imeegemezwa vizuri mtutu juu, ilikuwapo ile bunduki ndogo ya bandani.

Wewe uliye mbali utatuuliza, ile hamkuiona? Tuliiona kila siku. Inaning'inia kwenye msumari, kati ya kamba na mkasi wa kwato, na risasi zake ziko katika kopo la kahawa pale chini. Ni ya panya, na ya ndama aliyezaliwa hafai. Hapa kwetu mtu ukimuuliza ana bunduki ngapi, ile haihesabu, kama asivyohesabu koleo. Idella hakuihesabu. Mimi sikuihesabu. Duane alikuwa akitundika koti lake juu ya msumari uleule. Rhonda aliyevuta mpini wa sefu kwa mikono miwili, kwa bunduki ile ndiyo alifundishwa kulenga akiwa mtoto. Na Merle mwenyewe, siku ile alipokuwa mzima na akajichagulia chuma cha kumshinda, hata yeye haikumjia. Lyle alituambia nusu nyingine ya kazi, tukamwitikia ndiyo, ndiyo, kama watu wenye akili.

Idella akapiga magoti. Hakulia. Akaitoa ile leso, akamtazama mbwa, akairudisha.

"Mwite Duane azike," akasema. "Na Rhonda asijue."

"Hatajua," nikasema.

Tukarudi ndani. Matufaha yalikuwa yameungua. Mchana Merle akachukua bakuli la mbwa, akatia makombo, akafungua mlango wa nyuma, akapiga mluzi. Akapiga tena. Baridi yote ikaingia jikoni na yeye amesimama palepale, bakuli mkononi.

"Skip yuko wapi, Mama?"

Mara ya kwanza Idella akamwambia kweli, kwamba Skip amekufa. Nilikuwapo, na sitaki kuwapo tena mahali kama pale. Merle aliketi taratibu, akasema, "Nani kamuua?" Idella akasema, "Alizeeka, Baba." Akaomboleza kama binadamu anavyoomboleza, na baada ya kahawa akainuka, akachukua bakuli, akafungua mlango, akapiga mluzi.

Baada ya hapo Idella akawa anasema amekwenda na Duane kuswaga ng'ombe. Mkanda wa shingoni wa Skip na lile bakuli akavificha, maana Merle alikuwa akiviona tu anakwenda mlangoni. Alivificha ndani ya sefu. Na ile bunduki ya bandani akaisimamisha humo pia, mwisho wa safu, baada ya mbwa kuzikwa. Siku iliyofuata Merle alipofunguliwa azitaje, akafika pale mwisho akasita.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Ya bandani, Baba."

"Inafanya nini humu pamoja na bunduki?"

Siri hatukuitunza hata wiki. Jumapili Rhonda alipiga simu, na Idella alikuwa uani, nami nilikuwa kwangu. Merle akapokea. Merle hajui kusema uongo, hata alipokuwa na akili zote hakujua. Akampa binti yake habari za wiki: theluji imeanguka, kuku wanataga vibaya, nimempumzisha mbwa wa Koski. Rhonda anajua nani ana mbwa na nani hana.

Akaja kesho yake. Nilikuwa nimeweka tayari maneno yangu yote makali, nikaja nayo mpaka pale jikoni, nikashindwa kuyatumia. Msichana alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yake na uso umevimba.

"Mama, sikuja kugombana," akasema. "Sefu umenunua, umefanya yote. Lakini hebu simama utembee mpaka kwenye dirisha."

"Nitembee kwa nini?"

"Tembea tu."

Idella akasimama, akatembea. Mguu wa kushoto ukaburuta, kama unavyoburuta siku za baridi.

"Baba amekuwa akiona mnyama anachechemea anamwonea huruma maisha yake yote," Rhonda akasema. "Na wewe siku nyingine hakujui. Sasa unaniambia nini?"

Idella alishika kingo za sinki. Alitazama nje, kule bandani, na mimi nilitazama miguu yangu. Merle alikuwa sebuleni akizungusha kitasa cha sefu, tik tik tik, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyokuwamo nyumbani.

"Nilimwapia," akasema mwishowe.

"Najua, Mama."

Wakampeleka kabla ya Krismasi. Ni nyumba ya wazee ileile aliyofia Vernon, hakuna nyingine mjini kwetu. Alivaa kofia yake nzuri, akanipa mkono, akanishukuru kwa kumtembelea, akamuuliza Idella kama na yeye anaelekea upande huohuo. Idella akasema ndiyo, akapanda akakaa naye kiti cha nyuma.

Sefu limebaki sebuleni. Halitoki, boliti zimeingia hadi chini, na hakuna wa kulibeba. Watu wamemwambia azigawe zile bunduki, anasema atazigawa. Nikipita asubuhi namkuta amesimama mbele yake na kikombe, mlango uko wazi, anazitaja. Ya baba yake. Ya mjomba Nels. Ya Vernon. Akifika mwisho, kwenye ile ndogo na lile bakuli, anafunga na kuzungusha. Sijui anamfungia nani. Sijamuuliza.

Kila Alhamisi nampeleka Idella kumwona mumewe, maana barabara ina barafu na yeye macho si mazuri. Alhamisi iliyopita tulimkuta Merle dirishani, mikono iko mapajani. Glavu hawajamvisha, bado. Alimtazama Idella kwa muda, kisha uso wake ukafunguka, akamjua. Afadhali asingemjua.

"Mama," akasema. "Skip amekula?"

"Amekula, Baba."

"Na mguu?"

"Hivyohivyo. Anachechemea."

Akatikisa kichwa. Akaangalia kama kuna anayesikia, mimi hakunihesabu, akamsogezea Idella uso wake.

"Siku yake ikifika, mwite Duane," akasema. "Mbwa wa watu wengine naweza. Huyu siwezi, Mama. Usikubali nimpumzishe mimi."

"Nitamwita Duane."

"Niapie."

Idella akaweka mkoba wake chini. Akainua mkono wa kulia, akaapa.